Nukta ya Jimu

Mwalimu Johari hakuwa mtu wa kufanyiwa mchezo na nukta. Mtoto wa chuo aweza kuchelewa, aweza kusahau juzuu nyumbani, aweza hata kusinzia katikati ya dua, na mwalimu atamtazama kwa pembe ya jicho tu, yakaisha. Lakini akosee nukta. Hapo kijiti cha kuonyeshea herufi kitagonga ubao mpaka majirani wajue kuna aliyeharibu. Chuo chenyewe kilikuwa baraza ya nyumba yake huko Kisauni, mikeka na ubao mmoja, na anayepita njia ile alasiri husikia sauti za watoto zikipanda na kushuka: jimu nukta tumboni, hee haina nukta, khee nukta kichwani.

“Umbo ni moja,” mwalimu huwaambia, akizichora ubaoni herufi hizo tatu za Kiarabu, moja kando ya nyingine. “Mdomo ule ule, tumbo lile lile. Jimu ndiyo ya Jumaa, hee ndiyo ya Hasani, khee ndiyo ya Khamisi. Kinachozitenga ni nukta. Ukiiweka pasipo pake, umemwita mtu mwingine.”

Yashikeni maneno hayo, maana yatamrudia mwenyewe.

Sasa, jina la Johari lilikuwa limeanza kuota kutu kwa kutotumiwa. Watoto walimwita mwalimu. Majirani walimwita Mama Shee, kwa jina la kifungua mimba wake, ambaye siku hizi ana ndevu na watoto wake mwenyewe huko Malindi. Nduguye mdogo, Zuleikha, alimwita dada. Na mumewe, Hussam, ambaye ujanani alikuwa akija kuliita jina hilo chini ya dirisha mpaka babake Johari akammwagia ndoo ya maji, naye alikuwa amehamia kwenye Mama Shee siku nyingi. Si kwamba mapenzi yamepungua. Ndivyo nyumba zinavyokwenda, mtu anazaa mtoto na jina lake linabaki kwenye kitambulisho.

Hussam alikuwa karani wa lango kwenye depo moja ya mafuta kule Changamwe, kazi ya kupokea malori na kuyaruhusu. Mtu mpole, mcheshi, na mwenye kasoro mbili ambazo depo nzima ilizijua. Ya kwanza, miwani anayo lakini haivai. Huitia mfuko wa shati, akasoma gazeti kwa kunyoosha mkono, na ukimwambia atakujibu kwamba miwani ni ya wazee. Ya pili, wenzake wakimwomba abaki kidogo jioni wapige soga, jibu lake ni moja tu: “Siwezi, jamani. Kuna mtu amenikalia kichwani.” Nao hucheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia.

Tena kuna habari ya kipini. Mamake Hussam, Bi Mwanarusi, Mungu amrehemu, alikuwa akivaa puani kipini cha dhahabu chenye almasi moja, ndogo kama punje ya mtama, yenye umanjano kidogo ndani yake. Aliyekaa karibu na bibi yule aliijua almasi ile. Kabla hajafariki alimtilia mwanawe mkononi, akasema, “Hiki cha mkeo.” Johari alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Tatizo likawa pua. Pua ya Johari haikukubali tundu. Ilitobolewa ikavimba, ikatobolewa tena ikavimba zaidi, mpaka Zuleikha akasema basi, pua ya watu iacheni. Kipini kikalala ndani ya kijaluba kabatini, na miaka ikapita. Johari hakukiulizia, aliona haya. Ila kila alipofungua kabati lile alikitupia kijaluba jicho, na moyo wake ukatulia.

Siku tatu kabla ya Idi Kubwa alikuwa akipiga pasi kanzu mpya ya Hussam. Kanzu ilikuwa imeshapigwa pasi na dobi, lakini Johari hajapata kumwamini dobi yeyote duniani. Akahisi kitu mfukoni. Akatia mkono, akatoa kibahasha cha karatasi ngumu chenye muhuri mwekundu: Bonface Sonara, Magongo. Sasa mwanamke gani atakirudisha kibahasha cha sonara mfukoni bila kukifungua? Atafutwe, apewe zawadi. Johari alikifungua.

Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na kidani na mkufu wake. Kidani kilikuwa herufi moja ya dhahabu, imekunjwa kwa ustadi hata utasema imeandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Na nukta ya herufi ile ilikuwa almasi. Johari aliitambua pale pale, na umanjano wake. Almasi ya Bi Mwanarusi. Furaha ilimpanda mpaka kooni, kwamba mume huyu, na ukimya wake wote, amekumbuka, amewaza, ametafuta fundi, amemtengenezea herufi ya jina lake.

Lakini macho ya mwalimu hayangoji ruhusa. Furaha haijafika usoni, macho yameshasoma. Nukta kichwani. Khee.

Akakigeuza kidani. Akakigeuza tena. Akakipeleka dirishani. Khee ni khee. Akaenda kabatini, akafungua kijaluba, akakikuta kitupu.

Johari akaketi kitandani. Mume kuongeza mke si kioja Kisauni, na yeye mwenyewe alikuwa amewaliwaza wanawake wengi kwa jambo hilo, akiwaambia wasubiri. Kilichomchoma ni almasi. Hiki cha mkeo, Bi Mwanarusi alisema. Basi mkewe ni nani sasa? Ni nani huyo wa khee, anayeitwa kwa jina lake mwenyewe na si kwa jina la mtoto? Aliona wivu, akaona aibu ya kuona wivu katika umri ule, akaona wivu tena. Kilichomwinua ni harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imelala juu ya kifua cha kanzu muda wote huo.

Akakirudisha kidani kama alivyokikuta, akaitundika kanzu, alama ya pasi ikitazama ukuta.

Jioni Hussam aliporudi aliletewa chai isiyo na sukari. Akapiga fundo moja, akakunja uso, akamtazama mkewe, akaona jinsi mkewe anavyomtazama, akainywa yote.

“Baba Shee.”

“Naam.”

“Jina gani la khee lakupendeza?”

Hussam akafikiri kwa haki. “Khamisi,” alisema. “La marehemu babu.”

“La kike.”

“La kike? Kwani nani amezaa?”

“Hakuna aliyezaa bado,” alisema Johari, na ile ‘bado’ ilitoka na meno yake. “Na hizo Jumamosi unazopitia Magongo, huwa wafuata nini huko?”

Hapo Hussam alinyanyua gazeti mpaka likamfunika uso. “Kazi,” alisema nyuma ya gazeti. “Kuna kazi kidogo.” Hajui kuongopa, maskini wa Mungu. Ndilo lililomfanya Johari amkubali wakati ule wa ndoo za maji, na sasa ndilo lililomnyima usingizi.

Asubuhi alimpigia Zuleikha. Akamwambia kuna jambo la siri, na Zuleikha akiambiwa siri huja mbio hata viatu havijamkaa vizuri. Alisikiliza habari yote huku amefunika mdomo kwa ukaya wa buibui, akauliza kama kweli ilikuwa khee, akatazamwa, akaomba radhi. Kisha wakaanza kuhesabu wanawake wa khee wanaowajua.

“Hata mimi ninayo,” alisema Zuleikha. “Ila yangu iko katikati.”

Johari hakucheka.

“Kuna Bi Khadija wa karibu na msikiti.”

“Bi Khadija hulishwa kwa kijiko, Zuleikha.”

“Mtoe. Basi amebaki Khaula.”

Khaula alikuwa mjane, muuza mahamri wa njia ya pili, mwenye kicheko kinachofika barabara kuu kabla yake. Walitoka wakiwa wamebeba kikapu, ili waonekane wanakwenda kununua. Khaula alikuwa karaini, leso imemzunguka shingo yote mpaka kidevuni, jambo ambalo Johari aliliona mara moja na hakulipenda.

“Khaula, hujambo? Shingo yako haijambo?”

“Shingo yangu?”

“Waiinamia karai kutwa. Nakuonea huruma.”

“Alhamdulillahi, mwalimu, shingo ni nzima,” alisema Khaula, akaifungua leso kujipepea. Shingo ilikuwa wazi, haina hata uzi. Akawatilia mahamri yao, kisha akaongeza mawili juu. “Na haya mpelekee Mzee Hussam. Mwambie ahsante kwa kunibebea ule mtungi wa gesi. Wallahi, mume kama yule…”

“Mume kama yule nini?”

“Ni wa kushikwa kwa mikono miwili.”

“Ndivyo nilivyomshika,” alisema Johari.

Njiani alilitafuna moja la yale mahamri ya Hussam kwa hasira. Lilikuwa laini, lina iliki, wala hajapata kula hamri tamu kuliko lile. Hilo nalo likamwuma.

“Muulize mumeo,” alisema Zuleikha.

“Nimwambie nimejuaje? Nimempekua mfuko?”

“Ulikuwa wapiga pasi.”

“Kanzu iliyokwisha kupigwa pasi.”

Zuleikha akafikiri. “Basi tumwulize aliyeitengeneza,” alisema, na siku ile ile wakavuka mji.

Magongo walifika jua likiwa utosini, malori ya mafuta yakipishana na vumbi lake. Duka la Bonface lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya muuza vipuri na kinyozi, na kwenye meza yake ya kioo zilipangwa herufi: M zenye vijiwe vinavyometa, J, R, K zilizosokotwa kama mzabibu. Msichana mmoja wa ofisi ya makontena, aliyeitwa Lynnette, alikuwa amekuja kuchukua L yake. Akajivika, akajitazama kiooni, akageuka huku, akageuka kule, akaaga, akarudi tena kujitazama. Alipotoka hatimaye alikuwa akitembea kama mtu aliyeongezewa mshahara.

“Hawachoki na hivi?” aliuliza Johari, kwa kutafuta pa kuanzia.

“Hii haichokwi, mama,” alisema Bonface. Alikuwa mtu wa Machakos, mikono mikubwa, maneno mengi. “Mimi niko kwa hii kazi kitambo. Ile mikufu minene ilikuja ikaenda. Bangili za shaba zikakuja zikaenda. Herufi haiendi. Unajua ni kwa nini? Mtu huko nje anaitwa kastoma, anaitwa madam, anaitwa mama fulani. Akikuja hapa anataka ile moja yake. Hata kama ni ya fedha tupu, na kama ako na uwezo, ya almasi. Anataka tu aione iking’aa ajue bado ako.”

Johari alilisikia lile ‘mama fulani’ likimwingia pale pale palipokuwa na kidonda. “Nasikia ulitengeneza moja ya Kiarabu.”

“Ya mzee wa depo?” Uso wa Bonface ukafunguka. “Hiyo ndiyo kazi yangu safi kuliko zote. Almasi alikuja nayo ikiwa kwa kipini cha mama yake. Ni ya bibi yake.”

“Bibi yupi?”

“Kwani ako na wangapi?”

“Ndilo lililonileta,” alisema Johari, na Zuleikha akamkanyaga mguu.

Bonface aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaanza kuelewa kwamba hawa si wanunuzi.

“Jina hakuniambia,” alisema polepole. “Na hiyo herufi mimi sijui inaitwaje, mama. Kwetu tulisoma a, e, i, o, u tukaenda nyumbani. Mzee alinichorea kwa kidole hapa hapa juu ya kioo. Hivi.” Akachora kwenye vumbi: mdomo, kisha tumbo la mviringo. “Halafu nukta akaiweka hapa.”

Kidole chake kilikuwa katikati ya tumbo.

Johari alikitazama kidole kile. “Tumboni,” alisema.

“Tumboni, eeh. Lakini mimi kama fundi nikaona hapana. Almasi ya maana namna hiyo, unaificha tumboni? Kidani kikilala kwa kifua, hapo ni kivuli tu. Hata Biblia inasema taa haiwekwi chini ya pishi. Kwa hivyo nikaipandisha juu, ikashika mwanga vizuri, mpaka kinyozi akaacha mtu na povu akakuja kuangalia. Nilimfanyia hivyo kwa roho safi. Wala hakuniomba.”

Zuleikha aliketi kwenye stuli ya wateja, akajifunika uso wote kwa buibui, na mabega yakaanza kumtikisika. Johari alishika ukingo wa meza. Furaha ilimjia kwa nguvu, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akamwomba Khaula msamaha kimoyomoyo, akalijutia na lile hamri.

“Mwanangu,” alisema, “nusura uniachishe mume.”

“Mimi?”

Akamchorea zote tatu palepale vumbini, kama anavyowachorea watoto: jimu, hee, khee, kila moja na nukta yake au ukosefu wake. Bonface alifuatisha kwa macho, kisha akajishika kichwa kwa mikono yote miwili.

“Sasa nimeandika mtu mwingine.”

“Umeandika mtu mwingine.”

“Lakini mzee mwenyewe aliiona. Aliishika hivi,” akanyoosha mkono mbali na uso, “akasema Mashallah.”

“Miwani alikuwa ameivaa?”

“Ilikuwa kwa mfuko.”

Ndugu wawili wakatazamana, na safari hii hata Johari alicheka, akacheka mpaka machozi, mpaka muuza vipuri akachungulia kuona kuna nini. Bonface alimsihi akilete kidani, kazi ya kuishusha nukta haimalizi hata asubuhi moja. Johari alitaka sana. Akafikiri, akaghairi. Kidani hakijatolewa. Zawadi isiyotolewa si yako bado, hata kama ni ya jina lako, na kumwendea mumewe kinyume ili kumrekebishia furaha yake aliona si ungwana. Akamwambia Bonface anyamaze, asimpigie mzee simu. Yatakayokuwa siku ya Idi, yatakuwa.

Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa na hofu mpya. Alimjua Hussam. Ataiona khee ile mbele yake, na moyo wake utavunjika.

Ikaja Idi. Watu wakasali, pilau ikaliwa, wageni wakaja wakapewa mkono, wakaenda. Hussam alishinda amevaa kanzu yake yenye alama ya pasi kifuani, rangi ya hudhurungi, waziwazi.

“Kanzu hii imefanyaje?” alikuwa ameuliza asubuhi.

“Pasi.”

“Nayo ni mpya.”

“Pasi haijui mpya,” alisema Johari, na Hussam akaona bora aivae.

Alasiri, nyumba ilipotulia, Johari alikuwa akikusanya sahani.

“Johari.”

Mikono yake ilisimama. Ilikuwa miaka mingi. Alitaka kujibu kama kawaida, nini tena, Baba Shee, lakini kilichotoka ni jibu la yule msichana wa dirishani.

“Abee.”

“Njoo uketi.” Hussam alikuwa ameshika kile kibahasha. Akatoa kidani, na kwa kuwa alitaka kukisoma vizuri mbele ya mwalimu, akafanya jambo ambalo Changamwe nzima haijamwona akilifanya. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Akatazama.

Johari alitamani kumfumba macho. Alimwona anavyotafuta nukta tumboni, asiione, anavyopanda juu, akaiona. Kidani kikashuka mapajani.

“Lahaula,” alisema taratibu. “Si hivi. Nilimwambia tumboni. Ilikuwa jimu, Johari. Ilikuwa yako.” Akakigeuza kidani mapajani. “Almasi ya mama, na nimekupa herufi ya watu. Nilikuwa na maneno yangu ya kusema, nimeyafanyia mazoezi langoni mpaka madereva wakinicheka. Sasa hayafai tena.”

“Yaseme.”

“Hayaingii.”

“Yaseme hivyo hivyo.”

Hussam akavuta pumzi. Akaweka kidole gumba juu ya almasi, akaifunika, herufi ikabaki tupu. “Soma.”

“Hee,” alisema Johari.

“Ya nani?”

Alifungua mdomo kumwambia ya Hasani, kama anavyowaambia watoto kila siku ya Mungu. Akaufumba. Herufi ile ameiandika ubaoni mara elfu na zaidi, wala hajapata kuiona.

“Ya Hussam,” alisema.

“Ni mimi. Mdomo wazi, tumbo tupu, sina kitu. Ndivyo nilivyokuwa nikija dirishani kwenu. Sasa itie nukta ndani, ile tu, usibadilishe kingine. Yawa nini?”

“Jimu.”

“Yawa Johari. Herufi ni ile ile. Ni mimi, na wewe umo ndani yangu. Mama alisema hiki cha mkeo, na pua ilipokataa nikakaa miaka nikitafuta pengine pa kukuweka. Ndipo nikapata hapo.” Akakiondoa kidole, almasi ikamulika pasipo pake. “Nilitaka ulivae neno hilo shingoni. Basi.”

Johari alilia. Hakulia kwa siri wala kwa haya, alilia kama anavyolia mtu aliyeitwa jina lake baada ya kudhani limesahauliwa, na Hussam akawa anampigapiga mgongo akidhani analilia hasara.

“Usilie. Kesho kutwa nampelekea yule fundi, aishushe.”

“Bonface asiiguse,” alisema Johari katikati ya kwikwi.

Hussam akavua miwani. “Bonface umemjuaje?”

Ikawa hapana budi. Alimweleza yote, tangu pasi ya pili mpaka vumbi la Magongo, na alipofika kwa Khaula na shingo yake, Hussam aliinuka akaenda kuushika ukuta, akacheka akiwa ameuegemea, kanzu yake ya kuungua ikitikisika.

“Khaula wa mtungi wa gesi?”

“Huyo huyo.”

“Ndiyo ile chai?”

“Ndiyo ile chai.”

Akarudi akaketi, akijifuta macho. “Haya. Lakini nukta kwa nini isirudi kwake?”

Johari alikichukua kidani, akajifunga mwenyewe, akakiweka sawa kifuani. “Yule kijana Kiarabu hakijui, lakini hii nyumba ameisoma. Hee ni wewe. Nami niko wapi?”

Hussam aliitazama almasi, juu kabisa, kichwani mwa herufi yake, imejikalia.

“Wewe si ndiye uwaambiaye watu wa depo kila jioni kwamba kuna mtu amekukalia kichwani?” alisema Johari.

“Nani amekupa habari hizo?”

“Huwaambii?”

Akafikiri. “Huwaambia,” alikubali.

Chuo kilipofunguliwa baada ya sikukuu, watoto waliketi mikekani wakiwa bado na hina mikononi. Mwalimu alisimama mbele ya ubao, kijiti mkononi, kidani kikimulika juu ya nguo yake. Sumeya, mdogo kuliko wote na mwepesi wa macho kuliko wote, alikitazama kwa muda mrefu.

“Mwalimu, umevaa khee.”

Watoto wote wakageuza macho kwenye kijiti. Kila mtoto alijua nukta katika chuo kile ni mambo gani.

“Ni jimu,” alisema mwalimu.

“Lakini nukta iko kichwani.”

Mwalimu Johari akainua mkono, akaigusa almasi kwa ncha ya kidole.

“Hapo ndipo pake,” alisema. “Haya, tusome.”